Magurudumu ya Bwana Zein

Gari la Bwana Zein lilizimikia Makadara, saa tatu asubuhi, mbele ya muuza mihogo. Mwaka ule wa 1913 magari ya Mombasa ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukabakiwa na kimoja cha kuvalia pete. Basi watu wakajaa.

Watu wa mji huu nawajua mimi. Ikianguka nazi hukusanyika kumi. Likizimika gari hukusanyika mia, na kila mmoja ana dawa yake. Wa kwanza alisema lina kiu. Wa pili akasema limehusudiwa, lifukizwe ubani. Bwana Zein mwenyewe, mwenye duka la mazulia na marashi, alikaa kwenye kiti cha ngozi, joho jeusi limemkaa sawasawa, akijifanya amesimama pale kwa hiari yake.

Chini ya gari alilala Jaffar, kijana wa Bondeni aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya reli. Kutoka kule chini aliona miguu ya watu tu, mingi ina vumbi. Kisha ikaja miguu miwili iliyopakwa hina hadi vifundoni, imevaa mitalawanda, ikasimama pale pale alipotaka kupitisha spana.

"Wewe mwenye hina," akasema, "sogea kidogo, tafadhali. Wanizibia mwangaza."

"Mimi nimesimama njiani," ikamjibu sauti ya kike. "Wewe ndiye uliyelala njiani. Sasa nani ampishe mwenziwe?"

Jaffar alitoka kwa haraka, akajigonga kichwa, na kofia ikamshuka hadi machoni. Alipoisukuma juu aliona buibui jeusi na macho mawili ya wanja yanamcheka. Spana ilimponyoka ikamwangukia kidole cha mguu, na wallahi hakuhisi maumivu mpaka alasiri.

"Kofia hiyo ni yako?" akaulizwa.

"Ya kakangu."

"Kakako ana kichwa kikubwa, mashallah. Mimi hushona kofia. Nipe kipimo nikushonee ya kukutosha."

"Shubiri mbili na nusu, na kidole," Jaffar akajibu papo hapo, kwa fahari.

"Shubiri ya nani?"

"Yangu."

"Mimi nina mkono mdogo. Nikipima kwa shubiri yangu utavaa kikombe." Akatoa uzi kikapuni, akampa mama mmoja wa makamo aliyekuwa naye, khalati yake Mwanakuu, dada wa marehemu mamake. Khalati akauzungusha uzi kichwani mwa Jaffar mbele ya umati wote, akaukata kwa meno.

"Intisar," aliita Bwana Zein kutoka kitini bila kugeuza shingo. "Rudi nyumbani, mwanangu."

Hapo ndipo Jaffar alipojua kuwa mwenye hina ni binti wa mwenye gari.

Tangu siku ile gari likawa gonjwa kila wiki. Halikuwa na ugonjwa wowote, lakini Bwana Zein hakujua, na Jaffar hakuwa na haraka ya kumweleza. Liliwekwa uani, na juu ya ua palikuwa na dirisha la Intisar.

"Leo wafanya nini?" sauti ilishuka kutoka dirishani.

"Nasafisha plagi."

"Si uliisafisha juzi?"

"Imeingiwa na huzuni."

"Plagi nayo huhuzunika?"

"Hapana, roho yangu. Ni fundi wake. Kofia yangu imefika wapi?"

"Nusu. Nikiimaliza mapema, utakuja kufuata nini tena?"

Khalati Mwanakuu alikaa ukumbini na ungo wa mchele mapajani, akijifanya amesinzia. Mchele ule ulichaguliwa mwezi mzima.

Jaffar alimpenda msichana yule kweli kweli, hakuwa mtu wa mchezo. Akamtuma ami yake kupeleka posa, na sinia la halua na asumini. Bwana Zein alikula halua, akasema atafikiri. Lakini alikuwa hafikirii posa. Alikuwa akimfikiria Bwana Faraj.

Bwana Faraj alikuwa mfanyabiashara mwenziwe wa upande wa Kilindini, naye alikuwa na gari lenye magurudumu marefu. Siku ya Idi magari yao yalipishana. Bwana Faraj akatoa salamu kwa adabu, ila aliitoa kutoka juu.

"Alinitazama utosini," Bwana Zein aliwaambia watu wa nyumbani kwake. Kwa siku tatu chakula hakikumpita kooni.

Basi Ijumaa iliyofuata, Faraj akiwa bado msikitini, Bwana Zein aliliendea gari la mwenziwe, akalipima gurudumu kwa mkono: shubiri nne kwenda juu. Akamwandikia wakala wake wa Bombay amletee magurudumu manne ya shubiri nne, na tairi zake. Sasa Bwana Zein ni mfupi, na mkono wake ni mdogo kama wa bibi harusi. Wakala wa Bombay, ilivyokuja kubainika, alikuwa pande la mtu, na mkono wake kama jembe.

Magurudumu yaliposhushwa uani, kuku walikimbia. Jaffar aliyazungushia uzi, kama alivyofundishwa, akazunguka gari mara mbili, kisha akanawa mikono ili apate kusema vizuri.

"Bwana, haya hayafai. Nikiyafunga, gari likiwa tupu kidole changu kimoja tu ndicho kitakachopita kati ya tairi na madigadi. Wakipanda watu watano, springi zinashuka vidole vitatu. Tairi litakula bati. Ukizungusha usukani wote, tairi la mbele litaganda kwenye springi, na usukani hautarudi tena. Na breki ni zile zile, zilitengenezewa gurudumu dogo. Ukiushuka mteremko wa Kilindini utasimama baharini."

"Yaani Bombay wameniletea kitu kisichofaa?"

"Wamekuletea ulichoagiza, bwana."

Jawabu hilo lilikuwa sahihi. Lakini mtu anayeposa hajibu hivyo, na Bwana Zein akabadilika uso.

"Sikiliza, kijana. Ijumaa baada ya swala nawachukua watu wangu wote kwenda harusini Tononoka. Mama yangu, Mwanakuu, Intisar, wote. Faraj atakuwapo. Yafunge haya, na posa yako nimeipokea. Ukikataa, mlango huu usiupite tena."

Jaffar alikitazama kiti cha nyuma. Akalitazama dirisha, limefungwa. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka sana.

"Siyafungi," akasema. Akakusanya spana zake akatoka, na alipofika pembeni pasipo watu alijifuta macho kwa tambara la grisi, akaonekana kama mpishi wa meli.

Khalati Mwanakuu alikuwa kwenye ngazi na alisikia maneno ya mwisho tu. Akapanda juu mbio.

"Mwanangu, Jaffar ameambiwa akifunga magurudumu anakupata. Amekataa."

"Amekataa?"

"Akachukua vyombo vyake, akaenda zake."

"Kazi ya nusu siku tu," alisema Intisar taratibu, "na hakuitaka." Kisha akalia. Msichana wa nyumba ile hakutoka kumwandama mwanamume amuulize kulikoni. Lingekuwa jambo la kusemwa mji mzima. Akaichukua kofia iliyofika nusu, akaikunja, akamtuma khalati airudishe bila neno hata moja.

Jaffar aliipokea, akatafuta ndani yake karatasi, akatafuta hata harufu ya marashi. Hakukuwa na kitu. Alikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Akaamini amekataliwa, na yule naye kule juu anaamini amekataliwa. Watu wawili wazima, wameachana mitaa miwili, kila mmoja akimlilia mwenziwe. Mimi ningewagonganisha vichwa.

Bwana Zein, kwa upande wake, alimpata Kadenge, muunda mikokoteni ya mahamali. Kadenge alikuwa mtu mwema ambaye hakuwahi kugusa kitu kinachojiendesha. Aliyafunga magurudumu, akayapigapiga madigadi kwa nyundo mpaka yakapinda juu, akasema, "Sasa yapita." Na alisema kweli, maadamu hapandi mtu na gari halikati kona.

Ijumaa, mwito wa swala ukiwa haujatoka, Bwana Zein alipanda gari kwa kutumia kiti cha jikoni. Kilemba chake kilikuwa cha hariri, jambia kiunoni. Shabaha yake ilikuwa kulizungusha gari hadi mlango wa mbele, mito ya mamake iko tayari kiti cha nyuma, ili watu wakitoka msikitini walikute hapo. Alikwenda hatua ishirini za barabara ya Ndia Kuu moja kwa moja, akipunga mkono. Watu walilazimika kuinua vichwa kumjibu. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kufurahi vile.

Kisha akakata kona.

Tairi la mbele lilinguruma likaganda. Usukani ukakwama. Gari likakaa mshazari, pua yake ukutani kwa jirani, mkia wake ukutani kwa jirani mwingine, na kilemba kikanasa kwenye roshani ya Bi Saadia, mjane wa ghorofa ya kwanza. Uso wa Bwana Zein ukawa sawa na dirisha.

"Karibu, Bwana Zein," akasema Bi Saadia, ambaye alikuwa akikuna nazi.

Mbele haendi, na akirudi nyuma kilemba kinabaki. Msikiti ulipotoka, jamaa nzima ya waumini ilimkuta pale, na imamu mbele yao.

Intisar alikuwa amefika mlangoni na buibui lake. Alisikia harufu ya mpira ulioungua. Akalisogelea gari, akainama, akajaribu kupitisha uzi kati ya tairi na bati, usipite. Kisha akaiona ile mito kwenye kiti cha nyuma, na mahali pake mwenyewe kando yake.

Jaffar alijipenyeza kutoka kwenye umati, akaweka jeki, akalala chini bila kusema kitu.

"Jaffar, mwanangu," alisema Bwana Zein kutoka juu. Hakuwahi kumwita hivyo. "Waambie watu kuwa gari ni bovu."

"Gari ni zima, bwana. Nawe u mzima, alhamdulillahi. Tushukuru hayo mawili."

"Jaffar." Hiyo ilikuwa sauti ya Intisar, na wanaume wote wakageuka. "Kwa nini ulikataa?"

Jaffar akajibu kutoka chini ya gari: "Kwa sababu nyuma ungekaa wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinirudishia kofia bila neno. Nikajua hunitaki."

"Nami nikajua wewe ndiye hunitaki."

"Jamani," alisema Bi Saadia dirishani, "hawa waozeni, na huyu mniondolee hapa, nina wali jikoni."

Bwana Zein aliwatazama watu waliokuwa chini yake, wengi kuliko alivyowahi kuota, na kila mmoja akimtazama. "Lakini Faraj," akasema kwa unyonge.

"Nitakupa tairi nene kidogo kwa magurudumu yako ya zamani," Jaffar akamwambia. "Utapanda vidole viwili. Tairi halitagusa kitu hata mkijaa watano, na breki zitashika."

"Vidole vya nani?"

"Nitapima kwa uzi, bwana."

Bwana Zein alishusha pumzi. "Basi mashahidi nyote. Posa yake nimeipokea."

Imamu akainua mkono. "Bado ridhaa ya binti. Kwa desturi yetu mwanamwali haulizwi mara mbili; akinyamaza, amekubali. Tumsikilize."

Ndia Kuu yote ikanyamaza. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

"Nimekubali," alisema Intisar, kwa sauti iliyofika madarini. "Wiki hii nimenyamaza mara moja, na huyu akaelewa nimemkataa."