Garaji Ilipanda Kirolirwe

Pale Kirolirwe, watu waliisikia kamio ya Papa Barthélemy, lori la mizigo, kabla ya kuiona. Ilipiga honi kutoka kona ya kwanza mpaka sokoni. Wageni walidhani dereva ana furaha. Wenyeji walijua sababu. Freni zake, yaani breki, zilikuwa hafifu, kwa hiyo watu na ng'ombe walipaswa kupisha njia mapema.

Barthélemy hakuona aibu. Alijisifu.

"Miye niko shofere ya milima," alisema. "Freni iko ya watu wa Goma."

Mafuta ya freni yakipungua, alitia maji ya sabuni. Madereva wenzake walifanya vilevile. Sabuni inateleza, walisema, basi itasukuma vizuri. Mke wake, Mama Euphrasie, alisafiri karibu na mlango, amepakata gogo. Kamio ikisimama mlimani, yeye ndiye aliyeruka chini na kuliweka gogo nyuma ya gurudumu. Mama mzima, mwenye binti wa kuolewa!

Binti huyo aliitwa Emérita. Jumamosi angeolewa Bweremana, kule chini ziwani. Kamio ya baba ndiyo ingewabeba ndugu wote, wazee kwa watoto.

Alhamisi mchana, Barthélemy na mkewe walikuwa wakitoka Muheto na magunia ya viazi. Walikuwa karibu kufika nyumbani. Kwenye mteremko wa mwisho, Barthélemy aliondoa vitesi, akaiacha gia huru, ili mazutu ya injini yasiishe haraka. Kamio ikaanza kukimbia. Akakanyaga freni. Pedali ikaenda mpaka chini, haina nguvu yoyote. Ikabidi aielekeze kamio kwenye ukingo wa udongo. Iligonga, ikasimama, na viazi vikamwagika barabarani. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Majirani wakaisukuma kamio mpaka uani.

Kesho yake asubuhi, Barthélemy alishika kopo la maji ya sabuni.

"Ninashuka polepole mupaka Goma, kwa garaji," alisema. "Kesho njo ndoa."

Euphrasie alikuwa amekwisha kuficha ufunguo.

"Gari haina freni," alisema, "na weye unataka kuishusha mulima juu ya kutafuta freni?"

Barthélemy akaweka kopo chini. Jambo likisemwa hivyo, hata mbishi analisikia.

"Sasa tutafanya namna gani?"

"Garaji njo itapanda. Fundi Cyusa wa Sake anafataka magari kwenye imeharibikia. Nilimuita mu telefone tangu jana."

Cyusa alifika na pikipiki, sanduku la vyombo limefungwa nyuma. Huyu hakuwa mtu wa kujificha. "Kamio yenye nimetengeneza inasimama kwenye shofere anataka," alisema hata kabla ya kusalimia vizuri. Alizuia magurudumu kwa mawe, akainua kamio kwa jeki, akaiegemeza juu ya magogo imara. Kisha akafungua kikopo cha mafuta ya freni ndani ya kamio, akachovya kidole, akanusa.

"Papa, humu munafuliaka nguo?"

Euphrasie alicheka. Barthélemy hakucheka.

"Sikiliza, Papa," alisema Cyusa. "Ukikanyaga pedali, mafuta njo inasukuma freni kwenye magurudumu. Pa kushuka mulima, freni inapata moto sana. Mafuta yake inavumilia ule moto. Maji inachemka, inakuwa mvuke. Na mvuke haiwezi kusukuma kitu. Njo maana pedali ilienda chini."

"Lakini asubuhi ilikuwa inashika."

"Asubuhi freni iko baridi. Maji inakudanganya asubuhi, inakuacha kwenye mutelemuko."

Akafungua magurudumu. Akawaonyesha kutu ambayo maji yalileta ndani ya vyuma. Akabadilisha mipira ya ndani iliyochoka na garnitire, vibao vya kubana gurudumu, zilizokwisha kulika.

"Freni ikipata moto mu njia, simama, ungojee ipoe," alisema. "Usiimwangie maji. Chuma ya moto ikipata maji ya baridi, inapasuka."

Akatoa ile sabuni yote, akasafisha, akatia mafuta mapya kutoka chupa iliyofungwa. Sasa alihitaji mtu wa kukanyaga pedali. Barthélemy akasogea, lakini Euphrasie alikuwa amekwisha kupanda kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga, Mama. Shikilia."

Cyusa akalegeza kiskrubu kidogo kwenye gurudumu. Mafuta yakatoka na mapovu.

"Ile njo hewa. Nayo haisukume kitu." Akakaza kiskrubu. "Achilia. Kanyaga tena."

Wakafanya hivyo gurudumu kwa gurudumu, mpaka mapovu yakaisha kabisa. Euphrasie akakanyaga mara ya mwisho.

"Imekuwa nguvu," alisema. "Inanikatalia."

Akabaki amekaa pale juu, mikono kwenye usukani, anatabasamu. Alikuwa na haki ya kujivunia.

Walijaribu kamio kwanza mahali tambarare, kisha kwenye kilima kidogo. Ilisimama pale Barthélemy alipotaka. Cyusa akampa neno la mwisho.

"Ingiza vitesi ya chini mbele ya mutelemuko, na usiiondoe. Motere itakusaidia kushika. Na kila asubuhi angalia mafuta, angalia kama mafuta haivuje kwenye magurudumu, kanyaga pedali. Pedali ikienda chini, usiondoke. Niite."

Jumamosi kamio ilishuka polepole, imejaa ndugu na nyimbo. Kwenye miteremko mikali bibi kizee mmoja aliacha kuimba, akafumba macho. Baadaye akayafumbua, akaendelea na wimbo. Emérita alifika Bweremana na gauni safi, na watu wake wote nyuma yake, hakuna aliyebaki njiani.

Baada ya chakula, madereva wa pale walimzunguka Barthélemy. Walikuwa wameona jinsi kamio yake nzee ilivyosimama sawasawa mlangoni.

"Papa, ulipata nafasi wapi ya kushuka Goma kwa garaji?"

"Sikushuka," alisema Barthélemy. "Garaji ilipanda kwangu. Na bibi yangu njo alikanyaga pedali. Kuyeni muone."

Akavua koti la sherehe, akalala chini kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaanza kuwaonyesha gurudumu moja baada ya jingine. Siku nyingine yoyote Euphrasie angemgombeza kwa ajili ya shati lile. Siku hiyo alisimama kando, amemshikia koti, na alipomsikia anasahau jambo, aliinama akalisema yeye.