Mafiga Ndani ya Tangi la Samaki

Mchana ule maji ya samaki yalinuka moshi. Deodata aliondoa mfuniko wa mbao, akauegemeza ukutani, akanusa tena. Moshi kabisa, wa kuni mbichi, na jiko lenyewe lilikuwa uani, limezimwa tangu asubuhi.

Tangi hilo la kioo liliachwa na daktari mgeni aliyeondoka vita vilipoanza. Samaki wake wanne walikuwa wa baharini, na katibu wa chama, bwana Telesfori, aliwamwagia chumvi kwa debe wakati Ngara nzima inapanga foleni ya kikombe kimoja. Ndani alipamba kwa mawe matatu. "Yasugue yatakate," alikuwa ameagiza. "Kesho nina wageni."

Deodata aliyatoa, akayasugua kwa majivu kama asuguavyo sufuria. Hapo ndipo alipoharibu. Ukoga ulipotoka, jiwe la tatu lilionyesha pengo, na kidole chake kikaingia mle kwa mazoea. Lilikuwa figa la mama yake, Bernadetha, lililomegwa na mchi Deodata akiwa mtoto.

Bernadetha alikufa mwaka ule wa kuhamishwa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Deodata alikuwa kazini Biharamulo. Aliambiwa nyumba ilishika moto kwa bahati mbaya. Nani aliokota mafiga yake, hakuambiwa.

"Mwana wanje, mwanangu," jiwe likasema, kwa sauti ya mama yake hasa. "Umenipa majivu, nimeamka. Telesfori aliufunga mlango kwa nje. Alisema kama sitaki kuhama, basi niive humo humo."

Adelfina, mke wa katibu, aliisikia akiwa mlangoni. "Deodata! Hilo jini! Katupe mawe mtoni, upesi, mimi namfuata mganga kule Ntobeye!" Akakimbia bila viatu.

Deodata akabaki na mawe mapajani. Mto ulikuwa karibu; akiyatupa, nyumba itapona, na kibarua chake pia. Lakini hasira ilimpanda mpaka meno yakagongana, hasira ya miezi yote ya kumkorogea uji mtu yule na kumwitikia ndiyo bwana, na mikono yake ikayarudisha mawe majini, ikayapanga yakitazamana, tayari kwa chungu.

Telesfori aliingia.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Mbona samaki wamelala?"

Alikunja shati, akatumbukiza mkono kumwinua mmoja, na maji yaliyokuwa yametulia yakaanza kutokota bila moto, moshi ukapanda toka kwenye mawe ukajaza sebule, naye akapiga ukelele na kuvuta, lakini mkono haukutoka, kitu kikazidi kumvuta, kiwiko, bega, mpaka shavu likafika kwenye mvuke.

"Deodata, nishike! Nakuomba!"

"Mlango wa mama yangu ulifungwa na nani?"

Telesfori akamtazama, akaelewa. "Nilitumwa!" alilia. "Nilitumwa tu!"

Toka majini, sauti ikaja taratibu, ya mtu aliye jikoni kwake.

"Mwana wanje, lete mfuniko."

Deodata akafuta mikono kwenye khanga, akaufuata pale ukutani.