Shati la Matrida Siku ya Kura

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Matrida wa darasa la sita huchota maji bombani na kuyapeleka kwenye vyoo vya wadogo wa darasa la awali. Ndoo yake ya bati ina kutu, tena inavuja, na shati lake jeupe limebaki na michirizi ya kahawia mabegani na mgongoni. Watu wote pale kijijini Kigera wanalijua shati hilo. Hata wauza dagaa wameshalisema.

Kiranja wa afya ndiye hupanga zamu za maji, lakini mwaka mzima hakuna aliyezipanga, na wadogo walishaanza kuharisha. Matrida akajiandikisha kugombea nafasi hiyo. Basi, maneno yakatapakaa shule nzima.

“Wewe, shati la kutu!” Jofrey, mpinzani wake, alimwita mbele ya watu. “Jana darasani hukumsikia Madam Judith? Neno la Kiingereza ‘candidate’, yaani mgombea, limetoka kwenye neno la Kilatini la weupe. Warumi wakiomba kura walikuwaga wanavaa nguo nyeupe pe. Sasa wewe utasimamaje?”

Watu wakacheka. Nyangi, rafiki wa Matrida, akamvuta pembeni, chaki mkononi. “Shosti, jipake haraka. Hawatajua.”

“Sijipaki. Nasimama hivi hivi.”

Mkutanoni, Jofrey alimeremeta ndani ya shati jeupe pe, akapigiwa makofi. Zamu ya Matrida ilipofika, minong’ono ikaanza. Hakuhutubia. Alimgeukia mwalimu.

“Madam, wale Warumi, nguo zao zilikuwa nyeupe zenyewe?”

Madam Judith akatabasamu. “Hapana. Walizipaka chaki ili zing’ae.”

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

“Kumbe!” Matrida akawageuzia mgongo ili wote wauone. “Haya, mimi sijapaka kitu. Hii ni kutu ya ndoo ya vyooni. Anayetaka shati jeupe, ampigie kura Jofrey. Anayetaka choo chenye maji, ananijua.”

Wadogo hawana kura, lakini ndio waliopiga kelele kuliko wote. Matrida akashinda kwa tofauti ya kura tisa.

Madam Judith akamshika bega, palepale penye kutu. “Wanangu, chaki hutoka kwa mvua moja. Kazi uliyowafanyia watu haitoki. Mkichagua kiongozi, tazameni amefanya nini, si amevaa nini. Na wewe Jofrey, kujua neno limetoka wapi ni vizuri. Usilijue nusu halafu ukamcheka mwenzio.”

“Sawa, Madam,” Jofrey akajibu, macho chini.

“Inua macho,” Matrida akamwambia, akimkabidhi ndoo. “Kesho zamu yako. Na uje na shati hilohilo.”