Sungura wa Magharibi

Mvua ya Mei iliwakuta watu wa mji wa bandari wa Mikuni katikati ya sherehe yao, na nusu ya umati uliokuwa ukiyafuata magari ya vinyago vya mashujaa ulikimbilia ndani ya jumba dogo la makumbusho, nyumba ya zamani ya wakala wa meli. Viatu vilirundikana mlangoni. Harufu ya nguo mbichi ilichanganyika na ya mbao za kale, na katika msongamano huo mwanamke mmoja aliyevaa kimono ya pamba rangi ya nili, pindo limelowa, alisukumwa mpaka mbele ya kabati la kioo lenye dira ya kale ya meli, iliyoandikwa pande zake kwa majina ya wale wanyama kumi na wawili wa kuhesabia miaka.

"Jamani, dira hii imekosewa," alisema kwa sauti. "Sungura hukaa mashariki. Huyu wamemweka magharibi, na Jogoo ndiye kapewa mahali pake!"

"Haijakosewa, dada," alijibu mtu nyuma yake.

Alikuwa Sohei Kuwabara, mtunzaji wa jumba hilo, mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na minne, vifungo vyote vya koti vimefungwa. Alieleza kwa upole kwamba mabaharia waliobeba mwani kutoka kaskazini waliiandika dira hiyo kinyume makusudi, ili sindano yenyewe imtajie nahodha upande inakoelekea omo, pua ya meli yake.

"Kwa hiyo hapa mtu asisome kwa mazoea?"

"Asilani."

"Haya, Mwalimu. Na mimi naelekea wapi?"

Sohei aliyatazama matone ya mvua yaliyokuwa bado yakimeremeta nyweleni mwake. "Unaelekea kulowa zaidi. Chukua mwavuli wangu."

Mwanamke huyo, Chizuru, aliurudisha mwavuli baada ya siku tatu pamoja na bahasha ya mwani wa kula uliokwanguliwa mwembamba kama pumzi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlea: kuukwangua kwa kisu mwani uliolainishwa kwa siki, kutwa nzima, katika duka la mama yake. Siku za kiangazi zikawapitia kama mawingu juu ya maji tulivu. Alasiri watalii wakiisha kuondoka, walikaa ukumbini mwa jumba lile, miguu mitupu juu ya mikeka, wakisikiliza mto ukijimimina baharini. Kila wakati wa chakula Chizuru alimpigia simu.

"Umekula?"

"Bado."

"Unangoja masanduku ya mabaharia yakupikie? Njoo huku, mvivu wee!"

Mwezi wa Oktoba jumba kubwa la makumbusho la Osaka lilimwita Sohei kazini na kutaka jibu kabla ya Ijumaa adhuhuri. Hakuthubutu kumuuliza Chizuru ana kwa ana. Alichukua tiketi ya makumbusho, iliyochapwa picha ya ile dira, akamzungushia Sungura duara la wino, na nyuma yake akaandika: "Osaka wananiita. Ijumaa, saa tatu asubuhi, mwisho wa njia, upande wa mji alipo mnyama huyu. Nikikuona, nitabaki. Usipokuja nitaelewa, wala sitakusumbua kwa simu." Akaiacha dukani kwa mama yake Chizuru.

Ijumaa Chizuru alivua aproni, akavaa sweta la rangi ya chungwa ya tunda la persimoni, akaielekeza tiketi kaskazini. Sungura akaangukia magharibi. Alitabasamu, akaenda hadi mwisho wa gati la mawe, mawimbi yakirusha chumvi usoni pake. Alingoja saa nzima. Hakuja mtu.

Sohei naye, ambaye kwake Sungura alikuwa mashariki tangu alipojifunza kuhesabu miaka, alingoja saa nzima kwenye ngazi za hekalu mlimani. Kisha akapanda treni ya behewa moja hadi Fukui, na huko stesheni akawapigia watu wa Osaka, akakubali. Hata hivyo ahadi ya kutomsumbua ikamshinda, akampigia Chizuru.

"Nipo stesheni ya Fukui. Nimepiga kukuaga tu," alisema.

"Kuniaga! Saa nzima upepo wa gatini umenichapa, leo unaniaga?"

"Gatini? Mimi nilikuwa hekaluni. Sungura ni mashariki, Chizuru!"

"Kwenye dira yako? Si wewe uliyeniambia nisiisome kwa mazoea? Nikadhani unanipima, mtu wa vitabu wee!"

Sauti ya Chizuru ikashuka. Kisha akauliza polepole, "Umeshawajibu?"

"Nimewajibu. Nimekubali."

Kwao, neno lililotolewa asubuhi halikanwi mchana bila aibu, nao wote wawili walilijua hilo.

"Usiondoke hapo," alisema Chizuru.

Alimkuta kando ya lango la tiketi, mkoba mapajani, uso umemsawajika kwa kukosa usingizi. Chizuru alikuwa bado ananukia chumvi.

"Ukitaka Osaka, nenda," alimwambia. "Nitalia, nitanyamaza. Lakini usiende kwa sababu ya duara la wino."

"Siitaki Osaka."

"Basi?"

Sohei alitoa simu. Mkuu wa Osaka alipopokea, Sohei alisimama wima, akaeleza kwamba anakataa kazi aliyoikubali saa mbili zilizopita, kwamba kosa lote ni lake, kwamba hana udhuru. Akainama mpaka kiunoni, kama wafanyavyo watu wao hata mbele ya simu. Sauti ya upande wa pili ilimkaripia. Akainama tena. Abiria walipunguza mwendo kumtazama. Alipoinua kichwa kidogo aliona sweta la rangi ya persimoni kando yake: Chizuru alikuwa ameinama vilevile, mikono imefumbatwa mapajani.

Sohei aliiziba simu kwa kiganja. "We naye, unainama nini? Hawakuoni."

"Hata wewe hawakuoni."

"Lakini aibu hii ni yangu."

"Mume akiomba radhi ya jambo kubwa," alisema Chizuru bila kuinua kichwa, masikio yamemwiva kwa haya, "mkewe husimama kando yake."

Stesheni nzima ilionekana kurudi nyuma na kuyeyuka. Katika simu sauti iliuliza kwa hasira: "Bwana Kuwabara, upo?"

Sohei aliuondoa mkono simuni.

"Tupo," alijibu, na wote wawili wakainama.