Nusu Kubwa

Mara ya kwanza Nyawira kuingia studio ya Fahim alikuwa na haraka, na watu wenye haraka hawatoki vizuri kwenye picha. Ulikuwa mwisho wa mwezi, mwaka wa tisini na sita, Thika imejaa watu waliotoka kupokea mshahara. Ndani ya kile chumba cha nyuma ya soko kulikuwa na mama na mapacha wake, wanafunzi wa kidato cha nne waliotaka picha ya kuagana, na jamaa mmoja aliyeazima koti la studio na sasa hataki kulivua. Nyawira alivaa gauni la kijani lenye mabega ya kuinuka, kama walivyovaa wasichana wa kazi siku zile, na viatu vyeupe ambavyo tope la Thika lilikuwa limeshavimaliza. Alitaka picha za kitambulisho cha kazi. Alikuwa ameajiriwa katika maabara ya kiwanda kimoja cha dawa kule Ruiru, kupima tembe kabla hazijatiwa kwenye pakiti.

Fahim alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka likakata, lakini vidole vyake vilikuwa vya kahawia kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Alimwambia ainue kidevu. Akamwambia asicheke.

"Madam, hii ni ya kazini. Ukicheka hivyo watadhani umeridhika na mshahara."

Nyawira akacheka, picha ikaharibika, ikabidi apigwe nyingine. Aliporudi saa za chakula kuzichukua, alimkuta Fahim kwenye kaunta na sahani ya maharagwe na chapati moja. Bila kuuliza aliirarua chapati katikati na kumsogezea kipande.

"Umenipa ile kubwa," Nyawira akasema.

"Najua."

"Umejuaje na hujapima?"

"Ile naitamani mimi ndiyo kubwa. Hiyo ndiyo napeana."

Sasa niambie, msichana anayeshinda mbele ya mizani ya kupimia vumbi atajitetea vipi mbele ya maneno kama hayo? Hakujitetea. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia kwa Fahim, mtaa wa Kiganjo. Mama yake, Rachael, mtu wa kanisa, alikataa hata kulitamka jina la huyo Mwislamu. Wao hawakujali. Soda walikunywa moja, mwavuli walikuwa nao mmoja, na hata embe Fahim alilikata nusu kwa nusu, halafu akajifanya hapendi kokwa ili Nyawira alinyonye yeye.

Dada yake Fahim, Muna, alikuwa muuguzi Toronto, akataka kumvuta ndugu yake huko. Fahim akaenda kupimwa afya kwa ajili ya safari, na damu yake ikamaliza habari ya safari. Ilikuwa miaka ambayo ugonjwa ule ulisemwa kwa kunong'onezana, watu wakipunguzwa makazini kwa visingizio na kuzikwa kwa jina la nimonia. Nyawira naye akapimwa. Naye alikuwa nao.

Nani alimpa nani, hakuna aliyejua. Nyawira alimwambia hivyo waziwazi, kwamba kabla yake kulikuwa na mwanamume mwingine, na kwamba damu haisemi ilianzia wapi. Fahim alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, na hakuamini hata neno moja. Moyoni alikwisha kujihukumu kwamba ni yeye aliyemwua.

Muna hakulia tu kule aliko, alitafuta. Akaanza kumtumia ndugu yake, kwa mikono ya wasafiri, zile dawa mpya ambazo ng'ambo nzima ilikuwa inazizungumzia, aina tatu za kunywa pamoja. Lakini aliweza kupata za mtu mmoja tu, na aliandika jina la Fahim juu ya kila chupa.

Nyawira alikuwa amezisoma dawa hizo kwenye magazeti ya kitaalamu pale kazini, na kusema kweli alizipenda kabla hazijamhusu. Jioni moja alikaa kitandani na kikombe cha chai akamweleza Fahim, macho yanameta kama mtoto aliyepata namba ya kwanza.

"Hivi virusi viko na mkasi wao. Bila huo mkasi haviwezi kuzaana. Sasa wanakemia wakaangalia vile mkasi umeumbwa, wakatengeneza kitu cha kuingia katikati ya meno yake kikwame hapo. Si kubahatisha, Fahim. Walikichonga kikatoshea."

"Na hizo zingine mbili?"

"Zinaziba njia zingine. Zote pamoja, kwa kipimo chake, kila wakati. Ukipunguza, virusi vinapata nafasi ya kusoma dawa, na vikishaisoma imeisha. Haitafanya tena."

Fahim alimpokea kikombe cha chai. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama watu wawili wangegawana.

"Nusu ni mbaya kuliko kukosa," Nyawira akasema. "Hata usifikirie. Unywe zote wewe. Mimi bado niko na nguvu, na zangu zitapatikana."

Angetaja Mungu hapo, angemwapisha, angezifungia kabatini, lakini hakufanya lolote. Alimwamini. Na Fahim alikuwa mtu wa picha. Maisha yake yote mikebe ya dawa za picha ilikuwa imemwandikia maonyo yaleyale: tia kiasi hiki, usipunguze, usizidishe. Na tangu aanze kazi alikuwa akizipunguza nusu kwa maji, kwa sababu Thika si mahali pa kumwaga dawa ovyo, na picha zilitoka. Zilichelewa tu. Ulikaa nazo kwenye beseni, ukangoja, na mwisho uso wa mtu ukajitokeza kamili na macho yake. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba nusu haifanyi kazi, alijisemea kwamba watu wa maabara hawana subira.

Kila Jumapili aliwasha balbu nyekundu juu ya mlango wa chumba cha giza. Ikiwaka balbu ile hakuna aliyethubutu kufungua, hata Nyawira, maana mwanga ukiingia kazi yote inaharibika. Humo ndani Fahim alifungua kapsuli moja baada ya nyingine kwa wembe, akamimina nusu ya unga kwenye kikaratasi, akazifunga tena. Tembe alizikata na nusu akazisaga. Alfajiri aliamka kabla ya Nyawira, akapika uji wa wimbi, akautia unga ule pamoja na ndimu na sukari ya kutosha harusi, akaujaza kwenye thamosi. Jioni hivyohivyo.

"Huu uji uko na uchungu," Nyawira alilalamika.

"Niliuunguza kidogo. Kunywa, mrembo, uko na mafuta ya mapenzi."

Akanywa. Nani hukataa uji aliopikiwa na mwanamume?

Mwanzoni kinga ya damu ya Fahim ilipanda vizuri. Kisha ikaanza kushuka. Daktari Omondi, mwenye kliniki ndogo mjini, aliwaita wote wawili akasema kwamba mgonjwa anayekunywa dawa hizi sawasawa hawi na majibu kama haya. Akamtazama Fahim. Fahim akaangalia viatu vyake.

Siku iliyofuata Nyawira alichukua kapsuli moja kwenye chupa akaenda nayo kazini, na alipopata nafasi akaiweka kwenye mizani. Akairudia. Ilikuwa nusu tupu. Alirudi Kiganjo na koti la kazini bado mwilini, mvua ya El Nino inamwagika kama mtu amesahau kuifunga, akaitupa ile kapsuli mezani.

"Nusu nyingine anakula nani?"

Fahim akaiokota, akaifuta matone ya mvua.

"Fahim, nakuuliza kwa upole. Ni nani unamgawia?"

"Ni mtu ninayempenda," akasema.

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomkata Nyawira vipande viwili. Fahim angeweza kuongeza neno moja tu, "wewe," na yote yangebadilika. Lakini alijua kwamba akilisema Nyawira hatautia tena uji ule mdomoni, na alitaka aishi kuliko alivyotaka kusamehewa. Akamwacha aamini alichoamini. Nyawira aliichukua tena ile kapsuli, akapakia nguo zake kwenye mfuko wa nailoni, akamwambia kwamba yeye Nyawira amekubali kufa kwa ajili yake wakati huyo kahaba wake ananenepa kwa dawa, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Akapanga chumba Ruiru, karibu na kiwanda.

Asubuhi ya kwanza, Makau, askari wa getini, alimpungia mkono. Thamosi ya Fahim ilikuwa mezani pake. Kila siku jamaa alitoka Thika na baridi akaiacha na kuondoka. Nyawira aliirudisha, akairudisha tena, mwishowe njaa ikamshinda kiburi. Uji hauna makosa, alimwambia Makau, na Makau akakubali kwamba hauna.

Jioni moja alisimama kwenye kibanda cha simu Ruiru akapiga studio.

"Haloo," Fahim akasema. Kisha, kwa kuwa hakusikia kitu, "Wira?"

"Acha kuniletea uji."

"Unakunywa lakini?"

"Nakunywa. Acha."

"Sawa," akasema, na kwa jinsi sauti ilivyojaa furaha Nyawira alikata simu kwa hasira. Kesho yake thamosi ilikuwepo.

Halafu maumivu yakaja. Yalimshika ubavuni akiwa kazini, yakamlaza sakafuni, wakampeleka kwa Daktari Omondi akijikunja. Daktari alimpima akasema ni vijiwe vya figo. Akamuuliza tangu lini ameanza zile dawa mpya, kwa sababu moja ya zile tatu ndiyo yenye tabia hiyo, na amekwisha kuiona kwa wagonjwa wenye ndugu ng'ambo. Nyawira akasema hajawahi kuinywa hata siku moja. Daktari akasema basi ni ajabu. Hata hivyo alichukua damu yake, akamwagiza anywe maji mengi ili vijiwe visirudi.

Aliporudi kazini hakuanza na tembe za kampuni. Alichuja uji uliobaki kwenye thamosi, na ile kapsuli, ambayo alikuwa ameitunza kwenye pochi kama ushahidi wa uzinzi, akaifungua. Akadondosha tone la huu na tone la ile kwenye kibamba cha kioo kilichopakwa unga mweupe, akakisimamisha ndani ya chupa yenye spiriti kidogo chini yake. Spiriti ikapanda taratibu, ikibeba vilivyomo, kila kitu hadi urefu wake. Hii ni kazi aliyoifanya kila wiki, kukamata dawa bandia. Alipokiweka chini ya taa ya zambarau, madoa mawili yalikuwa yamesimama kwenye mstari mmoja, yaani ni dawa moja.

Nyawira alikaa chini. Mwanamke aliyemtukana miezi yote ile alikuwa yeye mwenyewe.

Majibu ya damu yalikuwa tayari siku ambayo mvua ilikatika. Nyawira alipokwisha kumweleza habari ya uji, Daktari Omondi hakuzungusha maneno. Virusi vya Fahim vimeisoma dawa, na vya Nyawira pia, na sasa hata wakipewa chupa nzima kila mtu yake hazitafanya kitu. Dawa za kubadilishia hakujua mtu yeyote Kenya hii aliyezipata. Mmoja wao angezinywa zote angenusurika, akasema, yeyote yule. Mmoja angeishi.

"Mwambie asijisumbue tena kuamka alfajiri," akamalizia.

Njia nzima kwenda Thika Nyawira alikuwa akiyapanga maneno. Angemwambia: nilikukataza. Angemwambia: ulijifanya mjuzi kuliko mimi, na umetuzika wote. Alikuwa na haki ya kila neno, na nisingemlaumu kwa hata moja. Alipofika studio, balbu nyekundu ilikuwa inawaka. Akafungua mlango.

Mwanga ukaingia. Picha za watu zilizokuwa kwenye beseni zikaanza kuwa nyeusi palepale. Fahim alikuwa ameinama mezani, amekonda mpaka shati linamning'inia, wembe mkononi na kikaratasi mbele yake. Hakulalamikia picha. Alimtazama, akaitazama thamosi aliyoishika, akaelewa kwamba amejulikana.

"Ungekataa," akasema.

"Ningekataa."

"Dawa ya picha ukiipunguza nusu, picha inatoka, Wira. Inachelewa tu. Nikasema sisi tutachelewa pamoja." Akafuta mikono kwenye suruali. "Usinifiche. Imekusaidia? Mimi naona mashavu yamejaa."

Mashavu yalikuwa yamevimba kwa kulia. Nyawira alifungua mdomo na maneno yote ya njiani yalikuwa pale, yamepangwa. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuidhinisha dawa iliyoshindwa kipimo.

"Imenisaidia," akasema.

Fahim akaketi kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Akasema alikuwa akingoja Nyawira apate nafuu ndipo aende kwao kumposa, hata kama mama Rachael atamfungulia mbwa. Je, Jumamosi?

"Jumamosi ni sawa," Nyawira akasema.

"Basi hakuna kujificha tena." Alivuta kapsuli kutoka kwenye chupa yenye jina lake, akaifungua, akaugawa ule unga kwa wembe mbele yake, kwa jicho, bila mizani. Aliyatazama mafungu mawili kwa muda, akachagua. Lile kubwa akalitia kwenye kijiko akamsogezea mdomoni, ananyoosha shingo kama anayelisha mtoto.

"Niletee maji kwanza," Nyawira akasema. "Hii inataka maji mengi."