Nimalize Mchezo Mmoja Tu

Ndugu zangu, sogeeni karibu kidogo. Ninayotaka kuwasimulia hayana wizi wala ulevi, na hakuna mtu ndani yake aliyeinua mkono kumpiga mwenzake. Pengine ndiyo maana majirani waliyaona yakitokea na hakuna aliyeona ubaya.

Kulikuwa na mshonaji mmoja, mke wa dereva wa malori. Kwa miaka thelathini na moja mumewe alikuwa mtu wa njiani. Alirudi Ijumaa, akaondoka Jumapili, akapotea wiki tatu. Mshonaji alimlea binti yao, akashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na binti alipoolewa akawa anakula peke yake kwenye meza ya watu wanne. Hakulalamika. Kila mara mume alipofunga begi alimwambia maneno yaleyale, "Vumilia, mama. Nikistaafu utanichoka." Naye aliyatunza maneno hayo kama nguo mpya iliyokunjwa kabatini ikingoja siku ya kuvaliwa.

Siku yenyewe ikafika. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu kweli. Asubuhi walikunywa chai pamoja mlangoni, yeye akichomoa nyuzi za pindo, mume akimsimulia mteremko ambako breki zilimkatalia akasimamishwa na shamba la mahindi. Mshonaji alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Siku ya tisa dereva alianza kuzunguka chumbani. Akafungua dirisha, akalifunga. Akatoka nje akajaza upepo baiskeli ya jirani bila kuombwa. Akarudi.

"Hivi, mama, watu hufanya nini mchana kutwa?"

"Wengine hushona. Kaa hapa unitilie vifungo."

"Mimi na vifungo?" Akacheka, akavaa kofia. "Acha ninyooshe miguu."

Miguu ilinyooka mpaka kwa kinyozi, nyumba ya saba kutoka kwao. Pale kibarazani wanaume walicheza drafti kwa vizibo vya soda, wengine wakivilaza kifudifudi, wengine chali, ili kujua cha nani ni kipi. Dereva alicheza, akashindwa, akarudi kesho yake kulipiza. Mwisho wa mwezi alikuwa hashindwi na mtu, na walimpa jina la Trela, kwa sababu akianza kula kete hasimami.

Mwanzoni mshonaji alifurahi. Nani asiyependa mumewe awe na marafiki? Lakini saa mbili za drafti zikawa nne, nne zikawa kutwa. Sahani ya mchana ilifunikwa, ikapoa, ikaliwa jioni. Mume alipoingia alisimulia mchezo mzima, kete baada ya kete, akioga, akila, akivua viatu. Kisha alilala. Zamani akiwa safarini, mkewe angalau alijua kwamba kilichomweka mbali ni barabara. Sasa alikuwa nyumba ya saba tu, na kicheko chake kilisikika mpaka dirishani.

Katika siku hizo mshonaji alianza kugonga bega la kushoto kwenye fremu za milango ya nyumba aliyoishi nusu ya maisha yake. Taa aliziona zimezungukwa na pete za rangi. Siku moja mteja alirudisha suruali yenye mfuko ulioshonwa mdomo, mkono hauingii. Walicheka wote wawili, ila mteja alipoondoka mshonaji aliketi na ile suruali mapajani, asijue aanzie wapi kuifumua.

Muuguzi wa zahanati alimwandikia barua aende hospitali ya macho. "Nenda na mtu," alimwambia. "Watakuwekea dawa, utatoka huoni vizuri."

"Jumanne nitakupeleka mwenyewe," alisema dereva, na kwa kweli alikusudia hivyo.

Jumanne saa moja asubuhi mshonaji alikuwa amekwisha kuvaa. Dereva akasema anapita kwa kinyozi mara moja, kuna mchezo waliuacha jana haujaisha. Saa tatu mkewe alimpigia simu.

"Nimalize mchezo mmoja tu, mama, nakuja."

Aliketi kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini, barua ndani ya mkoba. Alisikia wanafunzi wa shule ya jirani wakitoka kwenda mapumziko, akasikia wakirudi darasani. Saa nane dereva aliingia akiwa na aibu kidogo. "Wamekwisha kufunga, eh? Basi, wiki ijayo."

Wiki ijayo ikageuka miezi mitano. Dereva hakuitaja tena hospitali, na mkewe hakuomba tena. Hapo, ndugu zangu, naye alikosea, ingawa nashindwa kumlaumu. Kuna mtu akishangoja sana huona haya kuendelea kungoja mbele za watu. Binti alipopiga simu kuuliza hali, alijibiwa, "Hatujambo. Baba yako anafurahia mapumziko yake." Cherehani ilifunikwa kitambaa. Mchana wake mrefu mshonaji aliupitisha akipanga vifungo kwa ukubwa, kwa kupapasa, akavimwaga, akavipanga upya.

Asubuhi moja aliitoa ile barua, akaamua kwenda peke yake. Alipita barabarani akishika kuta kwa mkono. Kwa kinyozi alisikia vizibo vikigonga ubao na sauti ya mumewe ikimtania mtu. Akaongeza mwendo kidogo apite asionekane. Ukingo wa mtaro ulikuwa kushoto kwake. Hakuuona.

Kilichofuata alikisikia akiwa chini, viti vikianguka, watu wakikimbia, mikono ikimshika kwapani.

"Mbona unapita na huniiti?" dereva aliuliza, akihema.

"Nilijua uko kwenye mchezo," alijibu.

Hakusema kwa hasira. Aligeuza kichwa chote, polepole, kuitafuta sauti, kwa maana mumewe alikuwa amesimama upande wa kushoto. Dereva aliona kichwa kile kikigeuka, akaelewa. Alipitisha kiganja mbele ya jicho la kushoto la mkewe. Halikupepesa.

Hospitalini daktari, binti wa umri wa mtoto wao, alipima kwa muda mrefu. "Ni presha ya macho, mama. Huja kimyakimya, haiumi. La kushoto limekwenda, siwezi kulirudisha. La kulia tutalishikilia kwa matone, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Dalili ulianza kuziona lini?"

Dereva aliinamisha kichwa akingoja kutajwa kwa ile Jumanne.

"Sikumbuki vizuri, mwanangu," alisema mshonaji.

Huruma ile ilimuumiza mumewe kuliko lawama. Alijua kwamba mkewe anakumbuka.

Msidhani kwamba kuanzia hapo nyumba ilijaa furaha. Dereva alikaa nyumbani wiki mbili, na zilikuwa wiki ngumu. Walitazamana kama abiria wawili wa benchi moja wasiojuana. Aliwahi kuwa mume wa siku mbili mbili, hakujua kuwa mume wa Jumatano mchana. Matone yalimwagikia shavuni. Mazungumzo yaliisha kabla chai haijaisha. Kuchoshwa na kukaa bure kulimrudia vilevile, na mara mbili mkewe alimwona akiishika kofia, akaiweka.

Mara ya tatu hakuishika. Alikifunua kile kitambaa cha cherehani akauliza, "Hii gia yake iko wapi?"

"Kanyaga kwa miguu yote miwili. Taratibu, hiyo si lori."

Mume akakanyaga, mke akaongoza kitambaa kwa vidole. Mfuko wa kwanza wa kubebea vitu vya sokoni ulitoka umepinda kama barabara ya mlimani, na walicheka kwa mara ya kwanza tangu ile chai ya mlangoni. Wakashona mwingine. Jioni wakaanza kutembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, dereva akiwa upande wa kushoto, akimsimulia safari zake moja moja tangu kituo cha kwanza. Kumbe kulikuwa na mambo mengi hakuwahi kumwambia, kwa kuwa siku zote alifika amechoka. Kwa kinyozi alienda Jumamosi asubuhi tu. Baadaye walikwenda wote, na mshonaji akajifunza drafti kwa kupapasa vizibo. Anacheza polepole na huwakera sana wanaume wa kibarazani.

Lakini nisiwadanganye. Ziko alasiri ambapo mshonaji hukaa peke yake dirishani, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, kisha akaliachia, kupima nuru yake imebaki kiasi gani. Anawaza nini hapo, hamwambii mtu. Dereva, akiwa mlangoni, humwona. Husubiri mpaka amalize, ndipo huingia na chupa ya matone.

MAFUNZO

Ndugu wasomaji, drafti haina kosa. Kucheza, kushona, kutembea, kusimulia, kulima bustani, kuimba, vyote hivi ni dawa njema ya uchovu wa kukaa bure, na mtu aliyestaafu anavihitaji kama chakula. Kosa ni kutafuta burudani huku umempa mgongo mtu aliyekungoja nyumbani. Unapoona siku haiishi, kabla hujatoka, mtazame aliye chumba kimoja nawe umuulize yeye anaipitishaje siku yake. Huenda anayo kazi ya mikono mnayoweza kuifanya wawili. Huenda anaumwa na hajapata wa kumwambia.

Na wewe unayengoja, sema. Sema mara ya pili na ya tatu, na usipojibiwa umwite jirani, umwite mwanao. Ukinyamaza, hakuna atakayejua kuwa unaumia. Na macho, jamani, yapimwe mapema, hata kama hayaumi.