Mahali Wasipotua Ndege

Asubuhi ile Madina alimwaga dagaa wake juu ya nyavu kuukuu kama kawaida, akatenga konzi moja pembeni kwa ajili ya ndege, kisha akakaa kitako na kijiti chake cha kufukuzia. Munirah, binti yake wa miaka sita, alikaa ubavuni akila muhogo wa kuchemsha. Jua lilikuwa jema, upepo ulikuwa wa kiasi, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuogopa chochote.

Mchangani, kama jina lake, ni mchanga mtupu. Ni kisiwa chembamba kilichojinyoosha mbele ya kijiji cha Majanji, ziwa upande mmoja, mafunjo upande wa pili. Ukiamka unakuta nyayo za viboko zimepita katikati ya vibanda vya mabati, na kenge wamejianika kwenye mitumbwi kana kwamba ni mali ya baba yao. Lakini wenye kisiwa hasa ni ndege. Yangeyange, mnandi, kunguru, na wale kongoti wenye vipara wanaotembea taratibu kama wazee wanaokwenda kusuluhisha ugomvi. Ndiyo maana kila mwanamke anayeanika hutoa konzi ya ndege kabla ya yote. Usipoitoa watajichukulia wenyewe, na ndege hawana kipimo.

Mmoja tu hakuitoa. Aliitwa Mama Edgar, Msamia wa pale pale, na uwanja wake ulikuwa kwenye ncha ya kisiwa. Hakuwa na kijiti. Hakuwa na mtu wa kumlindia. Mchana alijifunika kanga akalala fofofo, dagaa wake wameng'aa juani, na hakuna hata kunguru mmoja aliyethubutu kudonoa. Kongoti wakifika mpakani mwa uwanja ule walisimama, wakatazama mahali pamoja, kisha wakapinda njia.

Wanawake walikuwa na yao ya kusema, ila waliyasema yeye akiwa mbali. Wengine walidai ana dawa. Wengine walidai mchanga ule ulichanganywa na udongo wa kaburi. Madina alisikiliza tu. Yeye alikuwa mtu wa kuja, Mwislamu wa Busia mjini, mke wa Sowedi dereva wa lori ambaye mwezi huu yuko huku na mwezi ujao yuko kule. Alikuwa na miaka miwili tu kisiwani. Huyo Edgar hakuwahi kumwona, akadhani yuko shule ya bweni.

Kilichomchoma Madina kilikuwa kingine. Kila Munirah alipokimbilia ile ncha kuokota konokono, Mama Edgar aliruka kutoka usingizini kama aliyeunguzwa.

"Toa mtoto yako hapa! Asikanyage hapa!"

Mtu mzima anamfokea mtoto wa watu hivyo kwa sababu gani? Madina aliona jibu ni moja tu. Ana kitu anachokificha.

Kisha zikaja siku tatu za mvua, na ya nne ndege wakashuka na njaa zao zote. Madina alipiga kijiti mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni aliokota mabaki, akatazama ile ncha, akaona dagaa wa Mama Edgar wametulia pale pale. Wivu ulimpanda, na wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Jumapili Mama Edgar alimjia amevaa gauni lake safi la gomesi.

"Mama Munirah, niangalizie yangu. Mimi nakwenda kanisa."

Madina alishangaa. Katika miaka miwili mwanamke huyu hakuwahi kumwomba mtu hata njiti ya kiberiti. Lakini aliitika. Alipoona gomesi imepotea nyuma ya vibanda, alikwenda mpaka ile ncha, akapiga magoti, akachota mchanga kwa viganja viwili. Ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa la saa tano. Aliufunga kwenye ncha ya leso, akaja kuunyunyiza kuuzunguka uwanja wake.

Hakusubiri sana. Yangeyange waliokuwa wakinyemelea dagaa wake waliinua shingo, wote kwa pamoja, wakarudi nyuma. Madina alicheka peke yake kwa furaha.

Kule kwenye ncha, kwa mara ya kwanza, ndege walikuwa wanashuka. Mama Edgar alirudi kutoka kanisani akawakuta wamejaa tele. Hakuwafukuza. Alipiga magoti katikati yao, akajifunika uso kwa mikono, akalia. Madina alitazama vizuri, na furaha yake ikaanza kumtoka. Yule mwanamke alikuwa analia na kucheka.

Siku ya pili Munirah alipita karibu na kongoti. Wakampisha.

Alitembea na mama yake mpaka kwenye mitumbwi, na kenge wakajitupa majini. Bata wa jirani wakakimbia. Hata wadudu wa ziwani, wale wanaoingia mpaka kwenye chai, waliacha nafasi mahali walipokaa wawili wale.

Adhuhuri Munirah alikuwa amelaza kichwa kwenye paja la mama yake. Alinong'ona bila kufungua macho.

"Mama, anasema nitoke hapa."

"Nani?"

"Huyu. Anasema hapa ni pake."

Madina aligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini paja lake la kushoto, lile ambalo Munirah hakulilalia, lilikuwa limelowa.

Kisha mtoto akakohoa. Akakohoa tena. Akatapika maji. Si chakula, si mate. Maji, mengi, na ndani yake mlikuwa na jani la funjo. Hakuwa ameingia ziwani siku nzima.

Madina alimbeba mgongoni akakimbia mpaka kwenye ncha. Mama Edgar alikuwa anafunga mizigo. Karibu naye alisimama msichana mrefu ambaye Madina hakuwahi kumwona, na yule mwanamke alimshikilia mkono, hauachii hata anapofunga kamba.

"Edgar yuko wapi?" Madina alinong'ona.

"Alizama hapo mbele, alikuwa wa miaka tano. Sasa miaka kumi. Tulimuzika. Lakini alirudi kukaa na mimi. Ndege inamuona."

"Anataka nini kwa mtoto yangu?"

"Kwa mtoto yako hataki kitu. Anataka mama. Mtoto ingine karibu na mama, hiyo ndiyo hataki. Huyu Patience wangu alianza kutapika maji hivyo hivyo. Nikamupeleka kwa dada yangu, kule Merikit. Miaka kumi sijamugusa."

Madina alipiga magoti, akaanza kuufukua mchanga wa pale kama mwenye wazimu. "Nakurudishia! Chukua wako!"

"Hatoki kwa kurudishwa. Anatoka kwa kuchukuliwa. Mutu achukue mwenyewe muchanga ya mahali mama anaanika, kwa mukono yake."

"Ulijua nitachota."

Mama Edgar alikaza fundo la kamba kwa mkono mmoja.

"Nilikuona unaangalia, miaka mbili. Si nilikuwa nafukuza mtoto yako? Nilijaribu, Mama Munirah. Halafu nikachoka."

Madina alivuka siku hiyo hiyo. Alijipa moyo kwamba kitu cha ziwani hakitaweza kufika mjini. Alipofungua geti la nyumba yake ya Busia, kuku wake, wale aliowalea kwa mkono wake na jirani akabaki akiwalisha, wote walipanda juu ya ukuta.

Munirah alitapika maji Jumatano. Akatapika Alhamisi. Ijumaa midomo ilikuwa ya bluu. Sowedi alikuwa safarini, simu haishiki. Madina hakuona tena haja ya kungoja. Alimwita kaka yake Hudhaifa, mwenye bodaboda, amchukue mtoto ampeleke kwa bibi yake, kule Nagongera.

"Na wewe unakuja lini?" Hudhaifa aliuliza.

"Wewe mpeleke tu."

Hakumkumbatia. Aliogopa. Alisimama mlangoni mikono ameifunga nyuma, na Munirah akiwa juu ya pikipiki alilia akimnyooshea mikono, mpaka pikipiki ikakata kona. Madina alihisi kiganja kidogo cha baridi kikiingia ndani ya chake.

Jioni bibi alipiga simu. Mtoto amekula vizuri, hakohoi. Kuku wanakula mkononi mwake.

Miezi minne ilipita hivyo. Sowedi alirudi, akalala siku mbili, akasema nyumba inanuka ziwa, akaondoka. Kila asubuhi Madina alikuta upande mmoja wa godoro umelowa. Kila jioni alisikiliza sauti ya Munirah kwenye simu, na kila jioni sauti hiyo iliuliza neno moja: lini? Alikonda. Alikuwa na mtoto aliye hai asiyeweza kumshika, na mwingine asiyemwachia.

Kisha yakaja mavuno ya mahindi. Jirani yake Rukiyah alianika yake kwenye turubai nje ya ukuta, akiwa na mwanawe Abdunoor mgongoni, mtoto wa miezi minane mwenye mashavu kama maandazi. Alishinda akifukuza kuku na ndege mpaka sauti ikakauka. Hatua kumi kutoka hapo mahindi ya Madina yalilala peke yake. Ndege waliruka juu yake bila kutua.

"Dada Madina," Rukiyah alisema siku moja, akicheka nusunusu. "Yako haiguswi. Iko siri gani?"

"Hakuna siri."

Rukiyah hakuamini. Madina aliliona jicho lake likizunguka kwenye lile turubai, kwenye mchanga wa pembeni, na kurudi tena. Alilijua jicho hilo. Lilikuwa lake mwenyewe.

Alimfokea. "Ondoka hapa na mtoto wako! Usikanyage hapa!" Wiki nzima alimfokea. Rukiyah akaanza kusema sokoni kwamba jirani yake ni mchawi.

Siku ya nane simu ya Nagongera ilikuwa fupi. Bibi alisema Munirah hataki kuja kwenye simu. Amesema hana mama.

Kesho yake, saa nne, jua likiwa jema, Madina alivaa buibui lake safi. Alipita karibu na Rukiyah na hakumtazama mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Mama Abdunoor, niangalizie mahindi yangu. Nakwenda mara moja."

Alitembea mpaka mwisho wa barabara ya malori, akasimama hapo muda mrefu bila kununua kitu. Aliporudi, aliwasikia kuku kabla ya kuwaona. Walikuwa wamejaa juu ya turubai lake, wanadonoa, wanapigana.

Pembeni ya turubai, kwenye mchanga, palikuwa na shimo dogo lililochotwa kwa kiganja. Alama za vidole vitano zilionekana wazi. Kando yake zilianza nyayo za mtoto wa miaka mitano, zenye maji, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye geti la jirani.

Madina alitoa simu. Alifurahi, na akaionea aibu furaha hiyo.

"Mleteni Munirah," alisema. "Mleteni leo."

Ng'ambo ya ukuta, Abdunoor alianza kukohoa.